Akiba ya Mshono

Kabati langu lina nguo nane
za mwanamke asiyewahi kufika.
Nilimshonea ya Idi, akasema Idi ijayo.
Nikamshonea ya arusi ya Nuswaiba, ya buluu, ushanga shingoni,
akanitumia salamu: nibanie kiuno kidogo, niko njiani.
Miaka kumi na mmoja yuko njiani.
Nondo wameshamjua kwa harufu.

Yeye ni mimi, ila mwembamba.
Hana tumbo hili lililombeba Haitham
likamtoa kwa kisu, likashonwa usiku wa manane.
Hana mikono hii ambayo shangazi, tena matangani,
aliishika akaitikisa mbele za watu
kama apimaye papai Marikiti:
"Maisha yamekukubali, mwanangu!"
Watu walicheka. Nami nikacheka,
nikacheka vizuri kuliko wote.

Tangu siku hiyo pichani hukaa nyuma.
Nikikosa mtu wa kunikinga hupakata mto.
Nikiandaliwa mahamri husema, "Nusu yatosha,"
kisha hurudi jikoni kuifuata ile nusu,
nikaila nimesimama, taa nimezima,
mwizi wa mali yangu.

Mwezi uliopita, arusi ya Sauda ikikaribia,
nilikwenda kwa Bi Mwanamkuu, Kibokoni, ghorofa ya pili.
Ngazi zake za mbao hulalamika.
Mbele yangu alipanda kijana mwembamba kama ufito,
zikamlalamikia vile vile.
Miaka yote nilidhani ni mimi tu.

Futi yake imefutika namba za mwanzo.
"Hizo za watoto," asema, "sizishughulikii."
Kifua. Kiuno. Nyonga.
Aliandika kwa penseli, uso mkavu,
kama mtu aandikaye bei ya sukari.
Nikamwambia kama kawaida yangu:
"Toa inchi mbili. Hadi arusi nitakuwa nimepungua."

Penseli ikasimama.
"Huyo wa inchi mbili yuko wapi, nimpime?"
Barabarani tuktuk ilikuwa yapiga honi, yataka kupita.
"Mimi humshonea aliyepanda ngazi."

Ile ya buluu nilikuwa nayo mkobani.
Sijui kwa nini niliibeba. Nikaitoa.
Akaigeuza ndani nje, akavaa miwani,
akatwaa wembe, akaufuata mshono wa ubavu
uzi kwa uzi, tk, tk,
mpaka ikafunguka akiba
aliyoiacha mwenyewe mwaka ule, asiniambie:
inchi mbili huku, inchi mbili huku.

Na rangi yake!
Nje ilikuwa imepauka, maana kila mwaka
huianika darini kuitoa uvundo.
Ndani mlikuwa na buluu ya siku ile ya dukani,
buluu ya wino, haijaonwa na mtu.

"Uliniachia?"
"Kitambaa ni chako. Ningekikata nikitupe kwa nini?"
Akaivuta taa karibu. "Lakini hii mistari miwili itaonekana."
Nikakaa nikiitazama.
"Naionekane," nikasema, na sauti
ilitoka ndogo kuliko nilivyokusudia.

Usiku wa arusi shangazi alinijia.
Mkono wake ukaushika wangu, pale pale pa zamani,
lakini wangu ulikuwa ukipiga makofi.
Akauachia. Hakuwa na pa kuushikia.

Sisemi kwamba naupenda mwili huu.
Asubuhi nyengine bado nakipita kioo
kama nipitavyo mlango wa mtu anidaiye.
Na nguo saba zimebaki; Bi Mwanamkuu asema
nipeleke moja moja, macho yake si ya zamani.

Lakini leo nimemimina chai.
Nimechukua hamri, zima, la moto,
nikawasha taa,
nikavuta kiti.