Ya Tatu Mpe Mbuzi

Barua ya shule ilisema wiki mbili.
Mama aliisoma kwa miwani ya jirani,
akauliza mara moja tu, "Wa Molo? Wa kina nani?"
kisha akaenda kuanika godoro.

Nyaguthii alishuka kwenye feri ya Likoni
ameshika kamba ya begi kwa mikono miwili,
sweta kiunoni, jasho puani,
akanisalimu kama anayejibu mtihani.

Siku mbili alikuwa mgeni.
Alikula mbaazi kwa mahamri akisema ahsante
kila tonge, mpaka Mwinyi mdogo wangu akaanza kuhesabu.
Usiku tulilala mzungu wa nne,
nyayo zake karibu na sikio langu,
wala hakuna aliyesinzia.

Ya tatu, Mama akampa nazi mbili:
"Chukua mbuzi, ukae, ukune."
Akatoka uani. Akazunguka banda la kuku.
Akachungulia nyuma ya choo.
Akarudi ana hofu: "Mama, mbuzi ametoroka."

Tulicheka hadi Mama akakaa sakafuni.
Nikamwonyesha kigoda, ulimi wa chuma, meno yake.
"Huyu? Huyu hata majani hali!"
Akamkalia upande, kama anayeogopa kurushwa,
akakuna nazi, akakuna na kidole.

Baba hakucheka.
Alikuja na kitambaa, akamfunga taratibu,
akamuuliza, macho kwenye fundo:
"Huko kwenu kuna fundi cherehani, Kariuki?
Alikuwa na kibanda hapa, ukipita msikiti.
Nilimpa kitambaa cha suruali ya harusi.
Wiki ile ya vikaratasi akahama usiku.
Niliiona taa yake.
Sikutoka."

Nyaguthii alifikiri sana, kwa adabu.
"Kina Kariuki ni wengi, Baba."
"Ndiyo," akasema. "Ni wengi."
Akachana ncha ya kitambaa kwa meno.

Wali wa siku ile ulizidi chumvi.
Tuliumaliza.

Agosti ni zamu yangu. Ameniandikia:
njoo na sweta mbili, baridi ya huku inauma masikio,
na mbuzi wetu wana miguu, utawakimbiza.
Begi langu liko mlangoni.
Jana usiku Baba alitia kitu chini kabisa,
akidhani nimelala.
Nimekitazama: noti mbili zilizokunjwa,
na karatasi isiyo na jina,
vipimo vya kiuno, vya paja, vya urefu,
vya zamani,
vya alipokuwa mwembamba.