Nyota Kando ya Sentensi

Alikuja Kapkerer siku ya kuchuma chai,
Daktari Nerima, na kikebe cha wino wa gumba.
Nikamwomba kalamu.
Miaka kumi na mmoja naandika vitabu vya chama,
najua sahihi yangu inagharimu nini.

Fomu ilisema naweza kuacha wakati wowote.
Haikusema nikiacha, mia tano ya saa nayo inaniacha.
Jina langu akalifunika: Mzungumzaji wa Saba.
"Ni kwa usalama wako," alisema,
na uani watoto wa jirani wananiita Jemaiyo, Jemaiyo,
wanataka mpira wao.

Sema: mbwa amemuuma mtoto.
Nikasema. Mbwa sina.
Sema: mume wangu amerudi.
Nikasema.
Nje, aliyekuwa akisugua sufuria akanyamaza.
Sema tena, pikipiki imepita.

Basi tukamrudisha mara tatu, Arap Maina wangu,
niliyemzika mwaka ule wa mvua ya mawe:
amerudi, alirudi, atarudi,
kila mara polepole, kinywa karibu na kile kidude
chenye kofia ya sponji.

"Na kama asingekufa?"

Lugha yangu ina njia ya kulisema hilo.
Ni fupi. Sikuwa nimeitumia.
Ilinitoka nzima, na Daktari akapiga mstari chini yake,
akatabasamu:
"Hii ni nzuri sana."

Zile nilizosema hazisemeki
aliziwekea nyota pembeni.
Niliomba nizione. Ukurasa mzima uling'aa makosa,
na baadhi yake hayakuwa makosa.
Nilikuwa nimechoka tu, nikasema hapana,
naye akaamini, akaandika.
Huko aendako watasoma uchovu wangu
waseme ni sarufi.

Saa tisa mvua ikashika mabati. Tukangoja.
Nikammiminia chai, nikauliza, hivi hivi tu,
kwenu mnasemaje: mama amerudi?
Alisema amekulia Nakuru, Section 58,
mama alikuwa mwalimu, nyumbani Kiswahili na Kiingereza,
kile cha Bungoma ni cha bibi, na bibi
Kisha akafungua kinywa, akajaribu.
Nusu ya neno. Akashika kikombe kwa mikono miwili.

"Sema tena," nikamwambia.
"Mvua."

Taa nyekundu ya kile kidude
ilikuwa bado inawaka.