Makopa

Bando la usiku huanza saa sita,
hufa saa kumi na mbili.
Kati ya hapo najaza pipa kwa kijiko:
vifurushi elfu hamsini na tisa
ndani ya diski niliyoinunua Darajani
kwa posho ya kusimamia mitihani.

Skuli yetu, hapa Konde, ina kompyuta kumi na moja.
Zilikuja zimeshatumika,
stika za benki ya watu zingali ubavuni.
Biti zake ni thelathini na mbili,
na wakubwa wa Linux wameamua:
toleo lijalo halina kiti chao.
Si kwa ubaya. Hakuna aliyeitaja Konde mkutanoni.
Ila la zamani litaondoshwa rafuni,
na mashine ikizimia mwakani
nitaizindua kwa nini?

Bibi yangu, Mchanga binti Khatib,
alikuwa akikata muhogo na kuuanika juu ya bati.
Tukimwambia, Bibi, mbona wali upo,
hujibu: huu siuaniki wa leo.

Nataka programu moja tu, ya kuchora grafu.
Yasema: siji bila ya mwenye herufi.
Mwenye herufi: siji bila ya mwenye kubana picha.
Mwenye kubana: mwiteni kwanza anayejua hesabu.
Ndivyo harusi zetu. Umealika mmoja,
mlangoni wamesimama kumi na saba
na mtoto mgongoni,
na ukimrudisha wa mwisho
bibi harusi hatoki chumbani.
Basi nachukua wote.

Usiku wa tisa nimekuta kifurushi kidogo,
kinafunza watoto kupiga chapa bila kutazama vidole.
Mtunzaji wake, sijui wa nchi gani, ameacha maneno:
*Mama anaumwa. Nimeshindwa. Anayeweza akishike.*
Miaka sita hakuna aliyekishika.
Kinafanya kazi.
Darasa la saba hukigombea.
Hicho nimekinakili mara mbili.

Akiba haiozi, wamesema.
Hawakuijua diski.
Diski huoza kimya, herufi moja kati ya milioni,
na faili likakutazama kama zima.
Kwa hiyo kila kifurushi kina alama yake, nami naipima,
kama Bibi alivyogonga kopa kwa kopa:
lililolia likarudi kapuni,
lililonyamaza wakapewa kuku.

Jana, baada ya Ijumaa, nimeng'oa waya.
Nimezima na simu, nisije nikajidanganya.
Nimeifuta mashine ya nne mpaka ikasahau jina lake,
nikachomeka diski.
Mlinzi wetu, Mzee Shaame, akachungulia:
Mwalimu, leo intaneti hamna.
Nikamwambia, najua.
Mistari ikaanza kushuka.
Kimepatikana. Kimepatikana. Kimepatikana.
Kisha mmoja mwekundu:
herufi za Kiarabu za mwalimu wa dini,
faili nusu,
la usiku ule umeme uliokatika.

Juu ya yote nimeweka waraka, SOMA KWANZA.
Nilianza kwa maelezo marefu, nikayafuta.

    Weye utayefungua, sanduku hili la bati,
    usitafute kujua, mwaka gani na wakati,
    alama kwanza kagua, moja moja, kwa sharuti,
    kisha weka, washa, keti, mashine itatambua.

Nakala ni tatu.
Moja ofisini, kwenye kabati lisilofungika.
Moja Wete kwa dada yangu Time,
anayedhani ni picha za harusi.
Moja humu, kopo la biskuti,
na konzi ya mchele wa kunywa unyevu,
pamoja na hati ya mikarafuu ya babu.
Juu nimebandika plasta: USIFUTE.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne.
Herufi za Kiarabu, asilimia tisini na moja.
Tisini na moja.
Bando, ngoja.