Mpaka Mwiko Usimame

Nilianza kwa pupa, kama wote:
kila kitufe nikakizungusha hadi kikagoma,
besi kumi, tribo kumi, mkwaruzo hadi mwisho,
na gitaa langu la mtumba
likalia kama nyigu ndani ya kopo.
Chumba cha uani, Pasua, saa tisa mchana.
Mama Ndewingia akagonga ukuta kwa mchi:
"We Elifuraha, hiyo mashine inaungua?"

Haikuwa inaungua. Ilikuwa nyembamba.
Kelele tele, nyama hakuna.

Nikaifunga amplifaya kwenye baiskeli kwa mpira,
nikaisukuma kutwa, kupandisha hadi Kiboriloni
(mlima ulikuwa umejifunika, haukuhusika)
kwa Aikaeli, fundi redio,
mwanamke mwenye miwani iliyoungwa kwa risasi,
anayenusa transfoma kama wenzake wanavyonusa maziwa.
Hakuniuliza habari. Alisema: piga.
Nikapiga. Akanyanyua kidole: basi.
"Umemwaga gunia la chumvi
kwenye maji matupu. Punguza."

Nipunguze? Mimi niliyekuja kuongezewa?

Akaurudisha mkwaruzo nyuma, ukabaki robo.
Akaipandisha sauti ya kati, ile niliyoidharau,
sauti ya puani, ya mlango wa ghala.
Nyuzi zangu akazivua moja moja, kama mtu anayechambua samaki,
akafunga nene, nene kama waya wa kuanikia nguo,
akazilegeza hatua mbili nzima chini,
na vidole vyangu vikalia kabla ya gitaa.
Spika yangu ndogo akaitupa kwenye ndoo.
Akaburuta nyingine kutoka uvunguni,
inchi kumi na mbili, sumaku ya kuvunja mguu,
iliyotangaza minada ya kahawa hadi ikapasuka;
ufa wake akauziba kwa gundi
na kipande cha mfuko wa saruji.

"Sasa uzi mmoja. Mmoja tu, halafu uuache."

Nikauacha.
Misumari ndani ya kopo ikahamia upande wa pili.
Glasi ya chai ikatembea juu ya meza, ikasita ukingoni.
Masikio yalikuwa ya mwisho kupata habari:
ilipitia nyayo, ikapanda magoti,
ikakaa chini ya mbavu
kama mgeni aliyekuja na godoro lake.

Nikamwona mama, mwaka ule dada alipojifungua,
amelikalia sufuria kama anayepigana nalo:
ndizi mshare, nyama ya mfupa, mkono usiochoka,
anaponda, anaponda, maji hataki kuyasikia.
"Mtori wa mzazi si chai.
Huyu ametoka damu. Ponda
mpaka mwiko usimame wenyewe."
Nilikuwa na miaka tisa. Nilishika mwiko,
nikauachia.
Ulisimama.

Usiku, Pasua, umeme ukashuka kama kawaida yake,
taa ikawa nyekundu kama jicho la mlevi,
na amplifaya, kwa kukosa pumzi,
ikanenepa zaidi: kila noti
ilichelewa kidogo, ikaja imejaa,
ikaegemea ukuta.

Mchi. Mara tatu.
"Elifuraha! Vifuniko vyangu vyote viko sakafuni!"

Nikapunguza.
Nikapunguza tena, hadi sauti ya mtu
anayeongea na Mungu wake gizani.
Nilidhani itakonda.
Haikukonda.

Aikaeli bado ananidai elfu kumi na tano.
Kidole cha shahada kimepasuka, nimekifunga plasta,
nikibonyeza uzi wa sita plasta inateleza
na noti inapinda kidogo kuelekea chini,
nami naiacha ipinde.