Vitobo

Nyuma ya banda la matairi, Wete,
tunaazima pampu ya Mcha baada ya saa za kazi.
Dakika arobaini kuujaza mtungi,
sekunde tisa kuumaliza.
Katika hizo tisa upepo hupita kwenye koo la chuma
na kuiacha sauti nyuma.
Jirani hugonga ukuta:
mjukuu wa Bikombo ndiyo kwanza kalala.
Tunaomba radhi,
tunajaza tena.

Geji kubwa haina habari.
Mshale wake umesimama kama askari wa gwaride
na mimi, mgeni wa kazi, niliuamini.
Kumbe ule ni wastani tu:
kwenye karatasi kila mtu kapata sahani yake,
na yupo aliyelala na njaa.

Basi nikaichukua sindano ya mama,
ile ya kushonea kofia za viua,
nikamwonesha Mcha: nitafutie keekee nyembamba kama hii.
Tundu likatoka safi ukutani mwa bomba,
halina kinundu,
maana kinundu nacho hutia maneno yake.
Nyuma ya tundu, mrija. Nyuma ya mrija, kihisi,
hakizidi punje ya mtama.

Usiku wa kwanza tulishangilia.
Mlima mmoja, mrefu, kwenye kioo cha kompyuta:
mitikisiko elfu nne na mia mbili kwa sekunde!
Shaame akafungua daftari, akaandika tarehe.
Nikapunguza upepo. Mlima palepale.
Nikaongeza. Palepale.
Haukuwa upepo.
Ulikuwa mrija wetu, ukijipigia mluzi.
Shaame akaifuta tarehe. Alama ikabaki.

Mrija tumeukata mpaka hauna urefu wa kutaja.
Mlima umekwenda. Zimebaki nyasi,
nyasi fupi zinazotikisika kioo kizima,
na hatujui ngapi ni za upepo
na ngapi ni za nyumba unamopita.

Kimya kingi kina mshindo, nimekua nikiambiwa.
Mara ngapi kwa sekunde, hakuna aliyesema.

Mama huenda kliniki kila mwezi.
Muuguzi humfunga kitambaa mkononi,
hupuliza, huandika namba mbili:
"Presha yako nzuri, Bi Raya."
Mama hushukuru, hurudi kwenye kofia yake.
Mimi hukaa karibu, nikiutazama uzi.
Kitobo. Kitobo. Mkono umetulia.
Kitobo.
Halafu, mara moja tu, pasipo sababu,
sindano inachelewa.