Maji Yakipwa, Mikindani

Sikuja kwa ajili ya mikoko, nakiri.
Nilikuja kwa kuwa Jumamosi, chumbani mwangu,
hata redio ilikuwa imenichoka.

Matope yakameza kiatu, kisha goti.
Aliyenivuta ni Mishi wa mlango wa pili,
Mishi niliyenuniana naye miaka miwili
kwa mtungi mmoja, foleni ya mfereji.
"Shika," akasema.
Nikashika.

Tulipanda miche mia tatu. Kaa wakatafuna,
bamvua likabeba zake; daftari la Mbodze
linasema arubaini na mmoja bado wima.

Kiatu hakijaonekana.
Ila siku hizi, maji yakianza kupwa,
mlango wangu hugongwa kwa kiganja kizima:
"We! Umelala? Mbaazi zinapoa,
na miche haijipandi!"