Kipandauso

Kwanza huja msumeno wa nuru,
meno yakimetameta pembeni mwa kitambaa,
kisha uzi mmoja unakuwa wawili,
kisha jua la Mabatini linaniingia jicho la kushoto
kama sindano namba kumi na nane.

Walisema malaria. Nikapimwa, sina.
Walisema nimetupiwa kitu. Nikafukizwa, nikakohoa tu.
Nikameza vidonge, viwili asubuhi, viwili jioni,
miezi minne,
hadi kichwa kikaanza kuuma kwa kuvidai.

Tabibu Nyanzobe, pale Igogo, hakukimbilia kalamu.
"Kinabana pande zote, kama kilemba?
Hicho cha shingo na cherehani. Nyanyuka, jinyooshe, unywe maji.
Au kinadunda upande mmoja, unatapika, mwanga unakuchoma?"
Nikasema: hata harufu ya dagaa wa jirani.
"Basi kina jina, mama Lushinge.
Dawa mapema, ila siku mbili kwa wiki, zisizidi.
Na kikipiga ghafla kama radi, shingo ikakakamaa,
usinisubiri mimi. Panda Bugando."

Daftari la vipimo vya wateja,
kurasa za nyuma ni za kichwa changu:
Jumanne, nilikesha na sare za kwaya, sikula. Kimekuja.
Ijumaa, upepo wa ziwani. Bado.

Nikiuona msumeno, nameza, nafunga dirisha,
nalaza kitenge kilicholowa juu ya macho.
Nje, binti yangu anawaambia wateja:
"Gauni kesho. Leo mama amepandwa."
Nasikia viatu vyao vikirudi nyuma, kokoto kwa kokoto.

Sitawasahihisha.